Barua Niliyoiandika Kabla ya Hii

Adong wangu,

Umeenda kusukwa nywele Bugolobi, na kwa wingi wa nywele zako na wingi wa maneno ya yule dada wa saluni, sikutegemei kabla ya jua kuzama. Nimepata nafasi. Begi lako kubwa liko mlangoni, godoro ulilokuja kulichukua umeshalikunja na kulikaza kwa kamba, na mimi nimekaa kwenye kitanda chako kilichobaki mbao tupu, nikiandikia katika daftari la zamu, maana ndilo daftari pekee ndani ya nyumba hii ambalo hujalipakia. Mwandiko ukikushinda, vumilia. Mkono huu umezoea kuandika maelezo ya wezi wa kuku.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala kufunga milango. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua siku yatakapokupata. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili tukiwa tunakunja mashuka, nami nikajifanya sikulisikia.

Ulikuwa unanisimulia habari za nyumba yenu ya Mbale, ile mnayokaa wasichana watatu tangu ulipoanza kazi ya maabara. Ulisema mwenzenu mmoja, Nambozo, anautumia mtandao wote peke yake. Ruta ni moja na mnailipia wote watatu, lakini kila jioni yeye amewasha simu, kompyuta na televisheni kwa pamoja, na wewe ukitaka kufungua ukurasa mmoja tu wa masomo yako, kile kiduara kinazunguka mpaka usingizi unakuchukua. Kisha ukacheka, ukasema, "Mama, wewe ni polisi, nisaidie. Nibadilishe pasiwadi bila kumwambia? Ama nimpelekee mwenye nyumba ripoti?"

Nikakuambia ulete foronya. Kisha nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka.

Mimi ni mtu wa kaunta, unajua. Miaka ishirini na minne nimekaa nyuma ya ile meza ndefu nikisikiliza watu waliokaa nyumba moja mpaka wakachokana. Wanakuja wawili wawili, huyu kabeba birika la ushahidi, yule kabeba ndoo. Na kabla sijafungua kalamu nawauliza swali moja: "Mmeongea nyumbani kabla ya kuja hapa?" Karibu wote wanaangalia viatu vyao. Basi nawarudisha, wengine wakinitukana, wengine wakiniombea baraka. Vijana wa kituoni wananiita Mama Mmeongea, wanadhani sijui.

Sasa nataka nikueleze habari ya mara moja ambapo swali hilo lilinihusu mimi, na sikujiuliza. Ni habari ya Hawa. Naona uso wako ulivyobadilika. Nakuomba usiikunje barua hapa, soma mpaka mwisho, halafu ufanye utakavyo.

Wewe unalikumbuka pazia, lakini hukulikuta likianza. Nilipopewa nyumba katika kambi ya polisi nilikuwa na mimba yako ya miezi saba na baba yako alikuwa ameshazikwa. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu cha mabati, na aliyekuwa akigawa nyumba alinionyesha mlango akasema, "Nusu hii yako, nusu ile ya Konstebo Hawa," kisha akaenda zake. Katikati hapakuwa na kitu. Hawa alikuwa ameketi upande wa dirisha anachambua mchele, na wanawe wawili, Swale na Rajabu, wamelala kwenye mkeka. Alinitazama tumbo, akainuka na sinia lake la mchele mkononi.

"Mama, wewe kuja hapa kwa dirisha," alisema. "Huyo mtoto anataka hewa. Sisi tumeshakuwa wakubwa."

Mkubwa wa hao wakubwa alikuwa na miaka mitatu. Walihamia upande wa giza siku hiyo hiyo, na hakuna aliyelizungumzia tena.

Kesho yake tulienda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla, kununua kitambaa. Tulisukumwa na wabeba mizigo mpaka mimi nikataka kurudi, lakini Hawa alikuwa anawatangulia na kiwiko, anapiga kelele kwamba nyuma yake kuna mwanamke mzito. Tukapata kitambaa kizito cha bluu chenye ndege wa manjano. Lakini ndege walikuwa upande mmoja tu wa kitambaa, na upande wa pili ulikuwa umefifia. Tulipokuwa tunalitundika nikasema tutabadilishana, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Hawa akasema ndege wakae kwa mtoto. Ndivyo ulivyojifunza kuhesabu, mwanangu, kwa kuhesabu ndege wa pazia, na ulipofika shule ya chekechea ulimwambia mwalimu kwamba baada ya thelathini na saba hakuna namba nyingine.

Nikifumba macho nasikia nyumba ile. Yeye akiamka kabla ya alfajiri kuswali, maji ya udhu yakidondoka kwenye beseni, na mimi nikijua nina saa moja zaidi ya kulala. Mwezi wa Ramadhani sahani yake ya uji na tambi ilipita chini ya pazia kabla hajala yeye. Krismasi ya kwangu ilipita kwenda kule. Chumvi, kiberiti, dawa ya homa, vyote vilipita hapo chini, na mara nyingi uliopita ulikuwa wewe mwenyewe, unatambaa, halafu unatembea, halafu unakimbia. Kuna majuma uliyolala kule usiku mwingi kuliko huku. Nikitoka zamu nilikuwa nakukuta umelala kati ya Swale na Rajabu, mguu wako juu ya shingo ya mtu.

Na televisheni. Alipoinunua ulikuwa na miaka minne. Angeweza kuiweka ukutani kwake, akaketi mbele yake, na sisi tungeisikiliza kama redio. Lakini kila jioni alikuwa analifunga pazia fundo katikati, anaigeuza televisheni ubavu, ili iangalie pande zote mbili. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anaiona vizuri. Wao waliitazama kwa upande na sisi kwa upande, na nadhani shingo yangu mpaka leo imeelekea kushoto kidogo. Nikiwa nimetoka zamu ya usiku nimelala, alikuwa anaiondoa sauti, na ninyi watoto watatu mnawatungia waigizaji maneno yenu kwa kunong'ona. Nilikuwa siwezi kulala. Nilikuwa nauma shuka nisicheke, kwa sababu ulikuwa unamfanya kila mzungu wa filamu aombe chapati.

Siku za mapumziko yake aliwapeleka ninyi watoto bandarini Port Bell kuitazama ile feri inayomeza mabehewa ya treni. Uliporudi kutoka huko ulipanga visanduku vya viberiti mstari mrefu, ukavisukuma kimoja kimoja chini ya kitanda. Ukaniambia kitanda kinaenda Mwanza. Nilikuwa na furaha, Adong. Sikujua kama ndiyo furaha yenyewe, nilikuwa nasubiri kupata nyumba ya peke yangu.

Halafu shule zikafungwa, mwaka ule tuliokaa ndani. Wewe ulikuwa unajiandaa kwa mtihani wa mwisho wa sekondari na walimu wakaanza kufundisha kwa mtandao. Nikanunua ruta. Niliiweka juu ya kabati letu, nikaifunika kitambaa kama sadaka kanisani, na nikawaambia wote, wa upande huu na wa upande ule, kwamba ni ya masomo ya Adong.

Hawa akasema, "Kale, ni sawa, imeingia nyumbani." Siku ya pili wanawe walikuwa wanacheza gemu kwenye simu mbili, na yeye mwenyewe alikuwa amepata filamu za Kifilipino zenye sehemu mia moja na ishirini, kila sehemu mtu anapoteza kumbukumbu. Alikuwa anaanza saa kumi, akitoka kazini, saa ile ile ya somo lako la kemia. Mwalimu wako alikuwa anaganda mdomo wazi. Sauti yake inakuja vipande vipande, halafu inakufa, na kutoka kule ng'ambo tunasikia Mfilipino analia bila matatizo yoyote.

Nataka tuelewane hapa. Alikuwa na makosa. Nimesikia watu wakisimulia hadithi za namna hii, na mwisho inaonekana aliyekuwa anawasumbua wenzake alikuwa na jambo kubwa la siri, mgonjwa au nini. Hawa hakuwa na siri. Alikuwa anatazama filamu. Ila miaka yote hii nimefikiri, na naona kwamba akilini mwake ruta ilikuwa kitu kama televisheni. Kimeingia ndani, basi pazia linafungwa fundo. Hakuona kwamba televisheni ikitazamwa na watu watano haipungui, na mtandao unapungua. Ingenichukua dakika tano kumweleza.

Sikumweleza. Mimi, Mama Mmeongea, nilianza kununa. Nilikuwa naiweka sufuria chini kwa kishindo. Nilikuwa nazima ruta nikisema umeme una matatizo. Nilikuwa nakuambia wewe kwa sauti kubwa, "Soma, Adong, kama mtandao utakuruhusu," ili maneno yapite kwenye pazia. Yeye akaitika kutoka kule, "Mama Adong, hii mtandao yako leo iko mgonjwa?" kwa upole kabisa, na upole huo ndio ulionichoma zaidi. Nilidhani ananidhihaki. Kumbe alikuwa anauliza tu.

Siku ya lile jaribio la fizikia unaikumbuka. Ulipewa saa mbili, na saa moja na nusu ikaishia kwenye kiduara. Nilirudi kazini nikakukuta pale kwenye bomba la maji, umeinua simu juu kwa mikono miwili unatafuta mtandao kwa bando lako dogo, machozi yanakushuka mpaka kidevuni. Nikaingia ndani, nikabadilisha pasiwadi. Sikusema na mtu. Nikajisikia mshindi kwa siku mbili.

Siku ya tatu Mfilipino akaanza kulia tena. Nikajua Hawa ameiiba pasiwadi. Nikaona picha nzima, ananyemelea nikiwa zamu, anapekua daftari langu. Wewe mwaka jana, tukiwa tunamenya matoke, ukanisimulia ukicheka jinsi ulivyompa Rajabu ile pasiwadi kwa sababu alikuwa anakaribia kushinda gemu yake na ulimwonea huruma. Kisu kilinianguka, ukadhani nimejikata. Sikulaumu hata kidogo, na nakukataza ujilaumu. Ulifanya kama ulivyolelewa katika nyumba ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimeanza kuishi kwingine.

Nikaandika barua. Ndiyo hiyo, Adong. Ile ambayo nimekaa nayo miaka minne kifuani. Niliandika kwa mkuu wa kambi, kwa lugha yetu ya ofisi, na unajua lugha hiyo ilivyo, haina mahali pa kusema kwamba huyu mtu alihamia upande wa giza kwa ajili ya mwanangu. Nikaandika kwamba Konstebo Hawa anatumia mali ya mwenzake bila idhini. Kwamba anavuruga utulivu wa makazi. Nikaongeza, kwa sababu kalamu ilikuwa imeshika kasi, kwamba tabia yake inahatarisha masomo ya watoto wa kambi. Watoto wa kambi! Ulikuwa wewe mmoja, na wanawe walikuwa wanafurahi sana.

Na kwa kuwa Hawa mwenyewe alikuwa anafanya kazi masijala, ambako barua zote za kambi hupokewa, nilingoja siku yake ya mapumziko. Nikampa mkononi askari wa mlango wa mkuu. Nilijiona mjanja.

Nilitegemea nini? Nilitegemea mkuu atuite wote wawili, atufokee, atuambie tushikane mikono, kama alivyokuwa anawafanyia wengine. Nilitaka mtu mwingine amwambie yale niliyoshindwa kumwambia kupitia kitambaa. Lakini wakati huo kulikuwa na orodha ya uhamisho inaandaliwa, na mkuu akaona njia fupi, nyumba yenye watu wawili wasioelewana mpunguze mmoja. Baada ya wiki sita orodha ikabandikwa ukutani. Konstebo Hawa, Moroto, kule mbali kaskazini mashariki.

Yaliyofuata ulikuwepo. Alikuja upande wetu, akakaa kwenye kitanda chako hiki hiki, akakuambia ameomba mwenyewe. Amechoka na Kampala, alisema, anataka mahali penye nafasi. Ulimwuliza, "Na mtihani wangu? Uliahidi utakuwepo." Akasema, "Utafanya vizuri tu." Ukatoka ukaenda kukaa kule kwenye bomba, na lori lilipokuwa linapakiwa hukurudi. Swale alikuja kukuita mara mbili. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika ndoo yao moja, naisubiri zamu yake ya kupakiwa, na nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kwenda pale bombani nikakuambia. Niliipandisha ndoo.

Alikupigia simu wiki ile, na wiki iliyofuata, na siku ya matokeo. Hukupokea. Ulisema mtu anayekuacha kwa hiari yake hana haja ya kujua umepata alama gani. Nilikuwa nakusikia ukisema hivyo, nikainama nikaendelea kupiga pasi.

Upande wa pili wa pazia akaja yule kijana wa trafiki, asiye na televisheni wala marafiki. Mtandao ulikuwa unakimbia, mwanangu. Somo lako la kemia lilikuja safi, mwalimu hakuganda tena. Na mimi jioni nilikuwa nakaa karibu na pazia na sikuwa na wa kumpitishia chumvi. Baadaye nilipandishwa cheo, tukapewa nyumba hii ya peke yetu niliyoingoja tangu ulipokuwa tumboni, yenye kuta za matofali. Siku ya kwanza niliweka sahani mbili sakafuni karibu na ukuta, kwa mazoea. Uliniuliza ni za nani nikasema za paka.

Ulipopata kazi Mbale nilifurahi mbele yako na nikaogopa nyuma yako. Askari wa Moroto wanapita Mbale kila mara. Nilifikiri siku moja utakutana na mmoja, atakuambia. Kwa hiyo usidhani nimekuwa mtu mwema ghafla. Mwanzo nilitaka tu kuwahi. Lakini Jumapili uliposema ripoti, uliposema pasiwadi, niliisikia sauti yangu ikitoka kinywani mwako, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia.

Jumatatu saa ya chakula nikampigia. Nilisimama nyuma ya kituo, pale yanapokaa magari mabovu, maana sikutaka vijana wanione. Nambari yake hakuibadilisha.

"Mama Adong," alisema kabla sijafungua mdomo. Kumbe jina langu bado limo ndani ya simu yake.

Nikasema, "Hawa, niko na maneno. Ni maneno ya zamani."

"Ya ile barua?"

Nikashika mlango wa gari moja bovu, nikaketi pale pale kwenye kiti kisicho na mto.

"Mama Adong, mimi ndiye nilipiga muhuri," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Mkuu hasomi barua haina namba. Ulisahau? Aliirudisha masijala, kesho yake mimi nikaingia, nikaikuta kwa meza. Nikaona mwandiko ni ya wewe. Nikafikiri labda unaomba likizo. Nikasoma yote. Nikaandika namba, nikapiga muhuri, nikapeleka ndani."

"Banange, Hawa! Kwa nini hukuichana?"

"Nichane barua ya ofisi? Wewe ungechana?" Kisha akaongeza, "Lakini nilikungoja. Wiki sita nilingoja useme. Jioni nasikia unakohoa hapo karibu na pazia, nasema moyoni, leo atasema. Filamu nilizima, hukusikia? Nilizima zote siku ile ile."

Ni kweli, Adong. Alikuwa amezima. Wiki zile sita mtandao ulikuwa mzuri, na mimi nilidhani ni kampuni imerekebisha mitambo yake.

Nikamwuliza kwa nini alikuambia ameomba mwenyewe. Nikasema, mtoto amekukasirikia miaka minne, Hawa, hajui lolote, na wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema.

"Mtoto alikuwa na mtihani," akasema. "Na mimi niko na watoto wawili. Huyu akininunia, yule ananisalimia. Wewe ulikuwa na huyo tu. Kama angekukasirikia wewe, ungebaki na nani hapo ndani?"

Nililia ndani ya lile gari kama mtoto. Yeye alinisubiri nimalize. Nilipomaliza, unajua aliuliza nini? Hakuniuliza kwa nini niliandika. Aliuliza, "Bado anauma kucha?" Nikamwambia bado. Akacheka, akasema alikupaka pilipili vidoleni ukiwa na miaka sita, ukasema pilipili inapendeza. Kisha akaniambia nisikuambie lolote. "Wacha, imeisha," alisema. "Mtoto anaenda kuanza maisha, usimpakie mzigo."

Sitamtii. Amenibebea huu mzigo wangu vya kutosha, na wewe umemkosa mtu uliyekuwa na haki naye. Sikuombi unisamehe leo. Nilikuwa na miaka minne ya kukuambia hapa hapa, tukiangaliana, na nimesubiri mpaka godoro limekunjwa. Uoga huo nao uuandike kwenye jina langu.

Sasa habari ya Nambozo. Sina dawa, Adong, na mimi si mtu wa kuulizwa. Labda ni mchoyo kweli. Labda yuko kama Hawa, anadhani kilichomo ndani ya nyumba ni cha kila mtu na hakiishi. Sijui, na wewe hujui, maana hujamwuliza. Nenda ukae kitandani kwake jioni moja akiwa anatazama hayo anayotazama. Tazama naye kidogo, hata kama ni upuuzi. Halafu mwambie kwa mdomo wako, jina lake likiwemo, kwamba saa fulani unahitaji mtandao kwa masomo yako. Akikataa, gombaneni. Pigeni kelele mpaka yule wa tatu aje kuwaamua. Kelele hazikunitisha kamwe kwenye kaunta. Waliopigiana kelele walikuwa wanarudi nyumbani pamoja. Walionitisha ni wale waliokuja na karatasi imeandikwa vizuri, na mwenzao hajui kama kuna kesi.

Nakusikia nje, unasalimiana na jirani. Umerudi mapema kuliko nilivyodhani, na nasikia anakusifia hizo nywele. Barua hii sitaificha ndani ya begi lako ukaikute huko mbali, nimeshaficha vya kutosha. Nitakupa mkononi kesho asubuhi tukiwa tunakunywa chai, na ukitaka kuisoma mbele yangu nitakaa. Ukitaka kunyamaza nami mwezi mzima, nyamaza. Nitakuwepo siku utakaporudi kusema.

Jambo moja tu nakuomba, na naliomba kama mtu asiye na haki ya kuomba. Utakaposhuka Mbale kesho, simu yako ya kwanza isije kwangu. Mpigie Hawa, umwambie umefika salama.

Ni mimi, mama yako.